Mswala wa Ayeeyo na Mbwa wa Mwalimu

Adeer alinitumia ujumbe wa sauti wiki iliyopita. Adeer ni ndugu mdogo wa baba, na tangu azeeke sauti yake inakwaruza kana kwamba amemeza vumbi. "Njoo Garissa," akasema, "tunabomoa herio ya mama. Fundi anataka kuchimba msingi. Kama kuna kitu chake unakitaka, fika kabla ya Jumamosi."

Nikafika Ijumaa. Iftin ya leo usiniulize, rafiki yangu, nilipotea kwenye mtaa niliozaliwa. Maduka yamepanda juu ya maduka, na mahali tulipokuwa tukiruka kamba pamekuwa mlango wa duka la simu. Lakini uani kwetu herio ilikuwa bado imesimama, kile kibanda cha mviringo cha fito zilizopindwa na kufunikwa mikeka, na juu ya mikeka magunia, na juu ya magunia turubai. Ayeeyo, yaani nyanya yangu mzaa baba, alikijenga mwenyewe nyuma ya nyumba yetu ya mabati. Alikuwa akisema mabati yanapika watu. Na haki ya Mungu alisema kweli, maana saa tano asubuhi wote nyumbani tulikuwa tukitokwa jasho, yeye ndani ya herio yake anajifunika shuka.

Adeer akanikabidhi kopo la maziwa ya unga, lile kubwa, limeliwa na kutu. Nilipolishika likalia. "Kokwa za tende," akasema, akatikisa kichwa. "Sijui alizihifadhia nini. Maskini mama, akili ilianza kumwacha mapema."

Nikakaa juu ya mfuko wa saruji. Nilikuwa najua zile kokwa ni za nini. Nimejua tangu nikiwa na miaka kumi.

Basi ngoja nikueleze, na ukimaliza kusikia unihukumu utakavyo.

Jirani yetu wakati huo alikuwa mwalimu wetu wa Kiswahili, mwanamke wa kutoka upande wa Mwingi. Alipanga chumba kimoja cha mabati nyuma ya ua wetu, na kati yetu na yeye palikuwa na ukuta wa mabati wenye bati moja lililolegea. Mwalimu huyu alipendwa na watoto na kutazamwa kwa jicho la pembeni na watu wazima, kwa sababu muhula wa pili ulipoanza alirudi na mtoto wa mbwa ndani ya kikapu. Mbwa! Katika mtaa ambao mtu akiguswa na pua ya mbwa anaosha pale mahali mara saba, na mara moja kati ya hizo kwa udongo. Mama yangu alisema mwalimu ni mtu mzuri, ila angefuga hata kuku. Ayeeyo peke yake ndiye aliyeendelea kumsalimia vilevile kila asubuhi. Yeye alikulia porini upande wa Bura, na huko alizoea kuona mbwa wakilala nje ya boma la mbuzi wakingojea fisi.

Jina la mbwa lilikuwa Karanga, kwa rangi yake. Na mimi, jamani, nilimpenda Karanga kuliko ndugu zangu wa damu.

Shule zilipofungwa mwezi wa nane, mwalimu akaitwa kwao, mama yake mgonjwa. Na basi la kwenda kwao halikubali mbwa. Akaniita pale penye bati lililolegea, akanipa ufunguo wa chumba chake, na sura yake haikuwa ya mchezo. Mwenye nyumba alikuwa amekanyaga uchafu wa Karanga mlangoni, akatoa neno moja tu: shule zikifunguliwa na mbwa huyu bado anachafua ndani, atatupwa mtoni. "Mfundishe," mwalimu akaniambia. "Mtoto wa mbwa hana ubaya, hana ratiba tu. Akiamka, mtoe nje. Akila, mtoe nje. Mahali palepale, na neno lilelile. Usimpige, na usimsugue pua kwenye mkojo wake." Akanipa na daftari niandike kila siku: siku kavu alama ya mviringo, siku ya maji alama ya mkasi.

Mpaka hapo sijakosa kitu, umeona? Kosa langu lilianza na joto.

Kile chumba cha mwalimu hakikuwa na kivuli ndani wala nje. Kufikia saa tatu Karanga alikuwa amelala chali, ulimi nje, tumbo linapanda na kushuka. Nikaogopa atafia mikononi mwangu. Na upande wa pili wa bati, hatua kumi tu, ilikuwepo herio, tupu na baridi. Mama yuko dukani, adeer yuko ofisini, ayeeyo ametoka na mbuzi wake tangu alfajiri na hatarudi mpaka adhuhuri ikaribie. Nikamsukuma Karanga chini ya bati, nikamfuata.

Ndani ya herio mlikuwa na harufu ya ubani, ya maziwa yaliyofukizwa moshi kwenye kibuyu, na ya ayeeyo mwenyewe. Upande wa kibla palitandikwa mswala wake, mwekundu, aliouletewa kutoka Makka na jamaa aliyehiji. Hakuwahi kuukunja. Alisema mswala unaokunjwa unakuzoesha kuchelewa. Karanga aliuzunguka mara mbili, akaunusa, akachuchumaa.

Nilimnyakua katikati ya tendo, mkojo ukachora mstari mpaka mlangoni. Nilikuwa nimehitimu somo la najisi kule duksi, madrasa yetu, tena kwa sifa. Nilijua la kufanya. Lakini wiki hiyo mifereji ilikuwa imekauka, maji tulinunua kwa punda, na mama alikuwa akitia alama ya mkaa kwenye kila mtungi ajue yamepungua wapi. Basi nikachota kikombe kimoja. Kimoja! Nikanyunyiza kidogo nikasema moja, nikanyunyiza kidogo nikasema mbili, hadi nikafika saba na maji ya chai yakabaki. Ile mara ya udongo nikasugua kwa mchanga mkavu wa uani. Nikauanika mswala juani nusu saa, nikautandika, nikafuta nyayo za Karanga kwa tawi, nikamrudisha kwa mwalimu.

Adhuhuri ayeeyo akarudi, akatawadha, akaswali juu yake. Nilimtazama kupitia tundu la mkeka. Paji la uso wake liligusa palepale.

Ningekwambia kwamba nilitubu siku hiyo, ningekuwa nakudanganya. Kesho yake nilimrudisha Karanga humo humo. Nilijiambia mswala nitausogeza pembeni, na kweli nikausogeza, lakini mtoto wa mbwa akipenda kitambaa amekipenda. Siku ya tatu maji. Siku ya saba maji, tena nikiwa nimeshamtoa nje, nimemngojea robo saa chini ya jua, hakutoa hata tone, tukarudi ndani akautazama mswala kama aliyekumbuka shughuli. Nililia siku ile. Nikamwita mjinga, nikamwita mwana wa kulaaniwa, halafu nikamkumbatia. Na kila mara kikombe kimoja, na kuhesabu hadi saba.

Mahali nilipomchagulia palikuwa nyuma ya kichaka cha mathenge, pembeni mwa ua. Neno nililolichagua lilikuwa "bax", tunavyosema kwetu tukimwambia mnyama atoke nje. Akiamka, bax. Akila, bax. Akianza kunusa na kuzunguka, bax, mbio, nimembeba makwapani miguu inaning'inia, miiba ya mathenge inanichana. Akifanya pale nilimpa kipande cha nyama niliyoificha kwenye wali wa jana. Daftari likaanza kubadilika. Mikasi ikapungua, mikasi ya mswala na ya sakafuni, mpaka siku moja niligundua nimechora mviringo mara tatu mfululizo.

Na siku ya kumi na tisa akafanya mwenyewe. Nilikuwa nasuka kamba ya doli, sijamtazama hata kidogo. Karanga akaamka, akajinyoosha, akaenda mlangoni, akakwaruza mkeka, akanigeukia na kulia kidogo. Nikaufungua. Akakimbia mpaka kwenye mathenge, akajisaidia, akarudi anatingisha mwili mzima. Wallahi nilipiga vigelegele! Nilicheza naye kuzunguka ile herio mara sijui ngapi, nikapita bati, nikaandika mviringo mkubwa kwenye daftari, nikalala usingizi kwenye kizingiti cha mwalimu.

Nilisahau kufuta nyayo.

Sasa, ayeeyo wangu alikuwa mtu wa kusoma mchanga. Angekwambia mbuzi aliyepita ni wa nani, ana mimba au hana, na anachechemea mguu gani. Siku ile alisimama mlangoni pa herio muda mrefu, fimbo mkononi, akitazama chini, nyayo ndogo za mbwa na nyayo za mtoto pekupeku zimezungukana kama watu wa ngoma. Hakuniita. Aliingia, akatoka na mswala. Akamwaga mtungi mzima, ule wa alama ya mkaa, akauosha mswala mara saba kamili, mara moja kwa tope zito, akauning'iniza juu ya ukuta. Mama aliporudi akauliza maji yameenda wapi, ayeeyo akasema yeye ndiye aliyeyatumia.

Jioni ile alianza. Alimaliza swala ya magharibi, akatoa salamu, akashika magoti yake mabovu, akainuka, akaiswali tena. Kisha akachukua kokwa moja ya tende akaidondosha kwenye kopo. Ishaa vilevile. Kesho yake vilevile, tano na tano.

Watu wengine watakwambia aliyeswali bila kujua hana neno, swala yake imepita. Ayeeyo hakulelewa hivyo. Yeye alijua kwamba swala iliyoswaliwa juu ya najisi inarudiwa, basi, na aliirudia. Shida yake ilikuwa moja tu: hakujua arudie siku ngapi. Nyayo zilimwambia nani na wapi. Hazikumwambia tangu lini.

Mimi nilijua. Nilikuwa nimeandika.

Siku ya nne baadaye, alasiri, nilikuwa nachambua mchele karibu naye. Karanga akapenya mwenyewe chini ya bati, akaja moja kwa moja mpaka mlangoni pa herio. Ayeeyo akamwangalia, akasema kwa sauti ile ya kuwafukuza mbuzi: "Bax!" Na Karanga, mwanafunzi mwema, akageuka, akakimbia mpaka nyuma ya mathenge, akachuchumaa, akafanya haja yake, akarudi kungojea nyama.

Ayeeyo alicheka mpaka akajifunika mdomo kwa ncha ya shuka. Sijawahi kumwona akicheka vile. Alipomaliza akafuta macho, akaniuliza kwa upole, bila kunitazama, "Ayeeyo, shule zimefungwa siku ngapi sasa?"

Kwetu mtu mzima akimpenda mtoto humwita kwa jina lilelile ambalo mtoto humwitia yeye, ndiyo maana aliniita ayeeyo. Na nilimwelewa. Usidhani sikumwelewa. Alikuwa amenifungulia mlango mpana kabisa nipite bila kuinamisha kichwa, hakutaja mbwa wala mswala. Nilichotakiwa ni kutaja hesabu.

"Sijui, Ayeeyo," nikasema.

"Haya," akasema. "Mungu anajua." Akaanza kuchambua mchele nami.

Mwalimu aliporudi, Karanga alimtoa nje ili amwonyeshe mathenge. Mwenye nyumba alikuja kukagua chumba kwa pua, akaenda zake. Mwalimu akasahihisha daftari langu kwa kalamu nyekundu, siku baada ya siku, akaandika chini: Vizuri sana. Akanisifu mbele ya mama yangu dukani, akasema mtoto huyu ana subira ya ajabu na anasema kweli, maana ameandika hata siku mbaya. Nilisimama pale nikikodolea macho mfuko wa sukari.

Na nyumbani ayeeyo anaendelea, tano na tano. Alikuwa ameamua, kwa kuwa hakuambiwa, kurudi nyuma mpaka siku ile mwalimu alipoleta kikapu. Muhula mzima na zaidi. Adeer akaanza kumwona. "Mama, umeshaswali adhuhuri." Naye, "Najua." Kesho tena, "Mama, umeshaswali." Watu wazima wakaanza kutazamana. Wakanong'ona, kisha wakazoea, kisha ikawa mzaha wa nyumbani: ukimwona ayeeyo anatafuta miwani, mtu anasema labda ameivaa mara mbili. Wote walicheka. Mimi nilicheka kwa sauti kuliko wote.

Halafu mbuzi mmoja akapotea kule mtoni. Mbuzi hupotea, hata wa kijana mwenye macho manne. Lakini adeer alikuwa ameshakata shauri. Tukiwa tunakula, akasema mbuzi watapelekwa Bura kwa jamaa zetu, mama apumzike.

Ayeeyo akaweka tonge chini. "Sijasahau kitu chochote," akasema.

"Basi kwa nini unaswali mara mbili?"

Chumba kizima kilimngoja. Angesema sentensi moja tu angebaki na mbuzi wake. Lakini sentensi hiyo ingenipeleka mimi kwenye kiboko, na mwalimu, mgeni wa watu, kwenye midomo ya Iftin nzima. Hakunitazama hata mara moja. Aliangalia vidole vyake. "Hayo ni yangu," akasema.

Nilikuwa na wali mdomoni. Niliutafuna mpaka ukawa maji, na sikusema.

Mbuzi waliondoka Jumatatu kwa lori. Ayeeyo alisimama nje akimtaja kila mmoja kwa rangi yake. Tangu hapo hakutoka tena alfajiri. Alikaa mlangoni pa herio, fimbo mapajani, na mbuzi wa watu wakipita alishtuka kama anayeitwa. Magoti, ambayo kutembea ndiko kulikoyafanya yafanye kazi, yakaganda. Mwaka uliofuata mwalimu alipewa uhamisho, akaondoka na Karanga kwenye kikapu kikubwa zaidi, na mimi siku hiyo hiyo nililitumbukiza lile daftari chooni. Miaka mitatu baadaye ayeeyo alifariki, na watu waliokuja matangani waliambiwa kwamba akili yake ilikuwa imemtangulia.

Haya ndiyo niliyoyakumbuka juu ya mfuko wa saruji. Nikazimwaga zile kokwa kwenye mkeka. Nikahesabu tisini na tano, swala tano mara siku kumi na tisa, nikazisogeza upande mmoja. Hizo zilikuwa za Karanga na utoto wangu, na pengine nimeshasamehewa. Zilizobaki zilikuwa lundo kubwa lisilokwisha. Kila moja yake ni mwanamke mzee anayeinuka kwa magoti mabovu kwa sababu mtoto aliyemlea alisema "sijui".

Adeer alisimama juu yangu akatazama malundo mawili. "Unafanya nini?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote, kuanzia bati hadi mchele, bila kuruka kitu, na nilipokuwa nasema nilihisi kifua kinafunguka. Niliona raha, wallahi. Kisha nikainua macho nikamwona. Alikuwa amekaa chini kwenye vumbi, mzee wa watu, mikono kichwani.

"Mimi ndiye niliyewapeleka mbuzi," akasema. "Aliniambia hajasahau kitu. Aliniambia."

Nilikuwa nimeutua mzigo wangu mgongoni mwake na kuuita toba.

Jumamosi fundi alikuja. Fito zilikatika kirahisi, zilikuwa zimeliwa ndani. Mathenge waliikata zamani, mwalimu sina nambari yake, na Karanga, mbwa hawaishi miaka mingi hivyo. Mswala nimeuchukua. Niliuosha mara saba, mara moja kwa udongo, maji ya kutosha, ingawa najua ayeeyo alimaliza kuuosha siku ileile. Umetandikwa nyumbani kwangu upande wa kibla na siukunji. Sasa ile hesabu inanitoka mdomoni yenyewe, nikiwa jikoni, nikiwa barabarani, nikitoa salamu ya mwisho: siku kumi na tisa, Ayeeyo, zilikuwa siku kumi na tisa.